Omani kwa barabara: mifereji, mchanga na upepo wa kusi

Alhamisi, Muscat

Nilitarajia mchanga, nikapokewa na mawe. Ndege inapozunguka juu ya bahari kuingia Muscat, unachokiona dirishani ni milima mikavu ya rangi ya kahawia iliyokolea, haina hata mti mmoja, na chini yake nyumba nyeupe zimejibana kati ya jabali na maji. Ndiyo milima ya Hajar, inayokwenda kama kilomita 700 kutoka Musandam kaskazini hadi Ras al-Hadd, pembe ya mashariki ya Bara Arabu. Jangwa lenyewe liko nyuma yake. Omani ina kilomita za mraba kama 309,500, karibu theluthi moja ya Tanzania, na watu wapatao milioni tano, wageni wakiwemo. Mto wa kudumu haina hata mmoja.

Mwenyeji wangu alikuwa rafiki wa marehemu baba. Namwita Ami, kama wanavyoitana huku. Alizaliwa Unguja, akaja Omani akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya sabini, pale Sultani Qaboos alipowaita waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Kiswahili chake ni kile cha Mjini hasa, wala hakijachuja. Yeye na mkewe wanasemezana kwa Kiswahili. Wajukuu wanaelewa kila kitu lakini wanajibu kwa Kiarabu.

Jioni alinipeleka Muscat ya zamani. Ngome mbili, Mirani na Jalali, zimekaa juu ya miamba huku na huku ya bandari. Wareno ndio waliozijenga zikawa kama zilivyo, mwishoni mwa miaka ya 1580. Aliyesoma Historia shuleni kwetu anawajua hawa watu: mwaka 1505 waliivamia Kilwa na kuichoma Mombasa, mwaka 1507 wakaja kuichoma Muscat. Huku walitolewa mapema zaidi. Imamu Sultan bin Saif, wa ukoo wa Ya'ariba, aliwafukuza Muscat mwaka 1650, na mwanawe Saif akawamaliza Mombasa mwaka 1698, Ngome ya Yesu ilipoanguka baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Nimekulia na habari ya Fort Jesus, lakini sikuwahi kuifikiria kama sura ya pili ya kitabu kilichoanzia hapa.

Ami hakujali sana ngome. Alitaka kunionyesha lango la mji. Enzi za Sultani Said bin Taimur lilikuwa likifungwa usiku, na aliyekutwa akitembea ndani ya mji baada ya hapo ilimpasa awe na taa mkononi, la sivyo anakamatwa. Nchi nzima ilikuwa na kama kilomita 10 za lami na shule tatu. Julai 23, 1970 mwanawe Qaboos akampindua. "Sisi tulitoka Unguja tumeacha stima na shule," akasema Ami, "tukaja kukuta watu wanabeba kandili." Nadhani aliisema kwa fahari kidogo.

Ijumaa, Nizwa

Tuliondoka saa kumi alfajiri ili tuwahi mnada wa mbuzi. Barabara inapenya mlima kwenye uwazi wa Samail, na kulipokucha nikaona kwa nini wanajiolojia wa dunia nzima hawaishi kuja huku. Miamba ya pande zote ni myeusi yenye rangi ya kutu, imevunjikavunjika, mingine ina mishipa myeupe. Ile ni sakafu ya bahari. Kwa kawaida sakafu ya bahari inapogongana na bara huzama chini ya bara. Hapa, kama miaka milioni 95 iliyopita, ilianza kusukumwa ikapanda juu, pamoja na mwamba wa chini kabisa ambao kwingineko umefukiwa kilomita nyingi ardhini. Hakuna mahali pengine duniani ambapo sakafu ya namna hiyo imebaki wazi kwa ukubwa huu. Ile mishipa myeupe nayo ina kazi yake: mwamba huo hukutana na hewa ya kaboni iliyomo katika maji ya mvua, ukaifunga ikawa jiwe. Siku hizi wapo wanaojaribu kuuharakishia kazi hiyo, maana hewa hiyo ndiyo inayoipasha dunia joto.

Humo humo ndimo ilimotoka shaba. Zaidi ya miaka 4,000 iliyopita watu wa Mesopotamia waliandika juu ya nchi ya Magan iliyowapelekea shaba, na wataalamu wanaiweka Magan huku.

Mnadani Nizwa hakuna jukwaa wala kipaza sauti. Kuna duara. Wanunuzi wamekaa katikati, wengine wamesimama nje, na njia iliyobaki baina yao ndiyo wauzaji wanamozunguka wakiburuta mbuzi kwa kamba na kupiga kelele za bei. Ukimtaka mbuzi unanyoosha mkono. Muuzaji anasimama, mnunuzi anamfunua mbuzi mdomo kutazama meno, anamtomasa mgongo, anamshika kiwele kama ni jike, anataja bei yake, muuzaji anaondoka amekasirika, anazunguka tena, anarudi hana hasira. Mama mmoja wa Kibedui, mwenye barakoa usoni, alimkagua mbuzi kwa muda mrefu kuliko wanaume wote na akamwachia. Mzunguko uliofuata akampata kwa bei aliyoitaka.

Nizwa ndiyo iliyokuwa kiti cha Maimamu, watawala wa dini na nchi. Ibadhi, madhehebu ya Waomani wengi, walimchagua Imamu kwa ujuzi wake na uchaji wake, si kwa kurithi, ingawa koo zenye nguvu zilikuwa na njia zake za kuurudisha uimamu nyumbani. Imamu wa kwanza wa huku, al-Julanda bin Mas'ud, alichaguliwa karne ya nane. Mnara wa ngome ya Nizwa, wa duara, mnene ajabu, ulijengwa na Sultan bin Saif yule yule wa Muscat, na ujenzi unasemekana ulichukua miaka 12. Ngazi yake inakata kona kila hatua chache, na juu ya kila mlango kuna tundu la kumwagia adui asali ya tende iliyochemka. Tende zenyewe ziliwekwa kwa magunia katika chumba chenye mitaro sakafuni. Uzito wa magunia ya juu uliyakamua ya chini, asali ikatiririka hadi mtungini. Siku za amani ililiwa na mkate.

Ila kitu kilichonishika zaidi kiko nje ya mji na hakina kiingilio. Falaj Daris ni mfereji wa maji. Maji yake yametoka chini ya mlima, yamepita kwenye njia iliyochimbwa ardhini kwa mikono, kwa mwinamo mdogo kiasi kwamba hayakimbii wala hayasimami, hadi yakachomoza kwenye mitende. Nchi nzima ina aflaj, ndio wingi wa falaj, kama 3,000 zinazotumika mpaka leo, na tano kati yake, Daris mojawapo, ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nyingine huchimbwa chini kama hii, nyingine huchota bondeni, nyingine hutoka kwenye chemchemi.

Mpangilio wake ndio uliotufanya tukae pale hadi Adhuhuri. Maji yakichomoza, kwanza ni ya kunywa. Chini yake msikiti, kisha mahali pa kuogea na kufulia, ndipo mashamba. Na shambani ni zamu. Kipimo ni athar, nusu saa ya maji. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, mawe yamepangwa kuonyesha kila athar inapoanzia. Usiku walipima kwa nyota. Siku hizi saa ya mkononi inatosha, lakini hesabu haikubadilika. Kila falaj ina wakili wake anayesimamia daftari, na sehemu fulani ya maji ni ya falaj yenyewe, inakodishwa kwa mnada ili ipatikane pesa ya kuukarabati mfereji. Nyingine ni wakfu wa msikiti. Zamu yako ikifika unaondoa jiwe lililofungwa kitambaa, maji yanageukia kwako, ikiisha unalirudisha.

Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akisubiri, yeye ana athar ngapi. Ami akatafsiri. Baba yake alikuwa na mbili, yeye akawa na ndugu, wakagawana kisheria, sasa ana chini ya moja. Nikamwambia Ami kwamba hapa ndipo pa kuanzia kuisimulia Omani. Shuleni tulifundishwa walifuata karafuu, pembe na watumwa, na ni kweli walivifuata. Lakini baba mwenye athar mbili na wanaume sita, mvua ikikata miaka mitatu mfululizo, wawili au watatu lazima watoke. Na wa kutoka huku hakwenda kaskazini.

Jumamosi, Jabal Akhdar

Birkat al-Mauz kuna kizuizi cha polisi. Gari isiyovuta kwa magurudumu yote manne hairuhusiwi kupanda, wala hakuna kubembeleza. Kutoka hapo barabara inapaa hadi uwanda wa Saiq, kama mita 2,000 juu ya bahari, na nikaomba koti.

Ilikuwa Aprili, msimu wa mawaridi. Vijiji vimening'inia ukingoni mwa korongo, mashamba yao ni ngazi za mawe zinazoshuka hatua kwa hatua, upana wake pengine hauzidi kitanda: mawaridi, makomamanga, miti ya jozi, vitunguu saumu. Tuliingia kwenye kibanda cha kukamulia marashi. Tanuri la udongo limejengwa ukutani, lina mashimo juu, na kila shimo lina chungu. Mawaridi yanajazwa chunguni, ndani yake inawekwa bakuli, na juu mdomo wa chungu unafunikwa kwa bakuli jingine lililojaa maji baridi. Mvuke unapanda, unagusa tako la bakuli la baridi, unadondoka kwenye bakuli la ndani. Ndiyo yote. Mwenye kibanda, kanzu yake imeingia moshi, alikuwa akibadilisha maji ya juu kila yalipopata moto. Marashi yanayotoka yana rangi ya kahawia hafifu na harufu ya moshi, tofauti na yale meupe ya dukani. Watu wa mjini wanapendelea meupe. Mimi nilinunua ya moshi.

Uzuri wa huku haukunisahaulisha kwamba ni uwanja wa vita. Mwaka 1920, kwa mkataba wa Seeb, nchi ilikaa kwa mapatano: Sultani anashika Muscat na pwani, Imamu na masheikh wanajiendeshea ya bara, hakuna wa kumwingilia mwenzake. Hata jina la nchi lilikuwa "Muscat na Omani", mambo mawili. Mafuta ndiyo yaliyovunja mapatano. Makampuni yalitaka kuchimba Fahud, na Fahud iko bara. Mwaka 1954 Imamu al-Khalili akafariki, akachaguliwa Ghalib bin Ali, na kufikia Desemba 1955 majeshi ya Sultani yakaingia Nizwa. Mwaka 1957 watu wa Imamu wakainuka tena, wakakwea mlima huu, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kuwashusha. Ndege za Uingereza zikapiga mabomu vijiji na mifereji. Januari 1959 makomando wa Kiingereza wakapanda usiku kwa njia ambayo haikulindwa, na vita vikaisha.

Mafuta yenyewe yalianza kusafirishwa mwaka 1967.

Jumapili, Tanuf, Bahla, Jabrin

Tanuf tulisimama kidogo tu. Ilikuwa mji wa Suleiman bin Himyar, bwana wa Jabal Akhdar na mshirika wa Imamu, ikapigwa mabomu. Kuta za udongo zimebaki zimesimama bila paa. Falaj yake bado inapita pembeni, na maji yanauzwa kwa chupa nchi nzima yakiwa na jina la kijiji hicho. Ami alikuwa nayo moja garini.

Bahla ni ngome ya matofali ya udongo yenye ukuta wa mji wa karibu kilomita 12. Iliingia Urithi wa Dunia mwaka 1987, mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya zilizo hatarini, maana udongo na mvua havipatani, ikatolewa humo mwaka 2004 baada ya matengenezo. Waomani wenzao wanasema Bahla ina wachawi. Ami hakutaka tukae hadi magharibi na alidai ni kwa sababu ya foleni ya magari.

Jabrin ni kasri ya Bil'arab bin Sultan, ya miaka ya 1670, dari zake zimechorwa maua. Bil'arab alikuwa msomi na mshairi, akapigania uimamu na nduguye Saif, akashindwa, akazikwa chini ya ngazi za kasri lake mwenyewe. Nduguye huyo ndiye Saif wa Mombasa. Kwa hiyo ngome yetu ilitekwa na mtu aliyemaliza kwanza ugomvi wa nyumbani.

Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote nchini, kama mita 3,000, tuliuona kwa mbali. Korongo lake la Wadi Ghul lina kina cha kama kilomita moja. Muda haukutosha, na magoti ya Ami yalikuwa yamechoka.

Jumatatu, Ibra hadi mchangani

Ibra ni ya Waharthi. Mtu wa Unguja akisikia al-Harthy hahitaji kuelezwa. Hawa walikuwa na mashamba na mali Zanzibar kiasi cha kutosha kumtikisa sultani: mwaka 1859 walimuunga mkono Barghash dhidi ya nduguye Majid, wakashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Chanzo cha ugomvi kilikuwa kifo cha baba, Seyyid Said, mwaka 1856, akiwa baharini safarini kutoka Muscat kwenda Unguja. Mwaka 1861 Waingereza wakaigawa dola: Majid achukue Zanzibar, nduguye Thuweni achukue Muscat, na kwa kuwa Zanzibar ndiyo tajiri, iwalipe Muscat riali 40,000 za fedha kila mwaka. Fikiria: Unguja ikiilipa Omani ruzuku.

Katika mtaa wa Minzafah majumba ya ghorofa ya matajiri wa zamani yanabomoka taratibu, matao yake bado yanapendeza. Karne kwa karne boriti za mikoko zilisafirishwa kutoka Rufiji na Lamu hadi nchi hizi zisizo na miti, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, huko kwetu na huku. Nilijikuta nahesabu hatua za chumba kimoja kisicho na paa. Vile vile.

Baada ya Alasiri tukafika Bidiyah, lami ikakoma. Kijana wa kambini akapunguza upepo wa matairi mpaka yakabonyea, akatuambia tusifunge breki kwenye mteremko, akatangulia.

Haya ndiyo matuta niliyoyataraji Alhamisi. Zamani yaliitwa Ramlat al-Wahiba, kwa jina la kabila lake. Ramani za sasa zinasema Mchanga wa Sharqiya. Ni kama kilomita za mraba 12,500, na matuta mengine yanafika mita 100. Nilidhani yamekaa ovyo. Hayakukaa ovyo: makubwa yamepangwa mistari mirefu ya kusini kwenda kaskazini, na ukitaka kwenda kaskazini unapita bondeni baina yake kama barabarani, lakini ukitaka kukatiza utaumia. Aliyeyapanga ni upepo wa msimu unaovuma kutoka baharini kuanzia katikati ya mwaka. Kwetu tunauita kusi. Kumbe ule ule uliorudisha majahazi kutoka Unguja ukiyafikisha pwani unaendelea na safari, unaubeba mchanga na kuujenga.

Jumanne, mchangani hadi Sur

Alfajiri nguo tulizosahau nje zilikuwa zimelowa. Mvua huku inaweza kukosekana miaka, lakini umande unatoka baharini usiku, na ndio unaowanywesha mende, vichaka na hata mbuzi wanaolamba majani. Mti wa ghaf hautegemei umande. Mizizi yake inashuka makumi ya mita kutafuta maji. Wabedui wanalaza mifugo chini yake na wanalisha majani yake, na wenyewe wanakwambia mti huo haukatwi hovyo.

Nilimuuliza kijana wa kambini kama kuna choroa. Akacheka: kwenda kuwaona ni mbali, kusini magharibi huko, Jiddat al-Harasis. Habari yao inaudhi. Choroa mweupe wa Arabuni aliwindwa kwa magari na bunduki hadi mwaka 1972 hakubaki hata mmoja porini. Waliokuwa wamehifadhiwa kwenye mabustani ya nje wakazalishwa, mwaka 1982 wakarudishwa Omani, Wabedui wa Harasis wakaajiriwa kuwalinda, wakaongezeka hadi kama 450 mwaka 1996. Eneo likawa Urithi wa Dunia mwaka 1994. Kisha majangili wakarudi, wakiwakamata hai kuwauza, na kufikia 2007 walibaki kama 65. Mwaka huo serikali ikapunguza hifadhi kwa asilimia 90 ili mafuta yatafutwe, na eneo hilo likawa la kwanza duniani kufutwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nchi inayogawa maji kwa nusu saa inajua kuhesabu. Hapa iliamua tu kuhesabu kitu kingine.

Sur tulifika mchana, bahari ikanipoza macho. Mji wa mabaharia huu. Bado kuna karakana ambapo mafundi wanaunda majahazi ya mbao, na karibu yake limepandishwa nchi kavu jahazi Fatah al-Khair, ghanja iliyoundwa hapa Sur mwaka 1951, ikauzwa Yemen, halafu watu wa Sur wakachangishana kuirudisha. Tezi yake imechongwa nakshi, na mwili umesugulika kama mlango wa nyumba ya watu wengi. Majahazi ya namna hii yaliondoka na kaskazi baina ya Desemba na Machi, na tende, papa mkavu na chumvi, yakarudi na kusi na boriti, nazi na karafuu.

Na watu. Kibao cha maelezo nilichokisoma kilisema "biashara mbalimbali", na hapo nikaona niandike mwenyewe. Sur ilikuwa bandari kubwa ya watumwa. Mkataba wa 1845 baina ya Seyyid Said na Waingereza ulipiga marufuku kuwatoa watumwa Afrika kuwaleta Arabuni, na manahodha wa Sur wakaendelea miaka mingi baadaye, baadhi yao wakipeperusha bendera ya Ufaransa ili meli za Kiingereza zisiwapekue. Waliofikishwa walipanda na kumwagilia mitende, walipiga mbizi kutafuta lulu, na tende walizozivuna zilifika hadi New York. Utumwa Omani ulifutwa mwaka 1970. Jioni, kwenye barabara ya pwani, niliona vijana weusi kama mimi wakicheza mpira, kanzu zimekunjwa kiunoni, wakitukanana kwa Kiarabu safi. Ami alinyamaza kidogo, kisha akasema hilo huwa halizungumzwi mezani.

Jumatano, Ras al-Jinz, Qalhat, Quriyat

Saa kumi alfajiri tulikuwa ufukweni Ras al-Jinz, bila tochi, tumepangwa nyuma ya mwongozaji. Kasa wa kijani alikuwa ameshataga, mayai kama mia moja, na sasa anafukia. Anatupa mchanga kwa makasia ya mbele, mmoja ukanipiga mguuni kwa nguvu ya kofi. Akimaliza anachimba shimo la uongo pembeni kumpoteza mbweha, ndipo anashuka majini, akipumzika kila baada ya hatua chache, akitoa pumzi nzito unayoisikia. Wanaototolewa hapa wakikua wanarudi pwani hii hii kutaga. Karibu na hapo wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vipande vya lami iliyopakwa kwenye vyombo vya baharini zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, vina alama za matete upande mmoja na za wanyama wa baharini upande wa pili. Mabaharia wa Magan.

Kutoka Sur kurudi Muscat njia inapita Qalhat. Mji umebaki kifusi juu ya mteremko wa pwani na kuba moja iliyopasuka, kaburi la Bibi Maryam. Tuliutazama kwa nje. Ibn Battuta alikuja hapa baada ya kutoka Kilwa, ambako alifika mwaka 1331. Alipanda chombo Kilwa hadi Dhofar, akaendelea, na aliposhushwa Sur akaona Qalhat kama iko karibu, akaamua kutembea. Mwongozaji wake alikuwa mwizi. Jua likawapiga, wakapotea kwenye makorongo, kiu ikawashika, akakesha na mkuki mkononi, na alipofika langoni miguu ilikuwa imevimba. Ami, aliyeipita njia hiyo mara nyingi kwa gari lenye kiyoyozi, alicheka hadi akasimamisha gari. Ibn Battuta akapona, akasifu samaki na msikiti wa Bibi Maryam. Wareno waliuangamiza mji mwaka 1508, na mwaka 2018 ukaingia Urithi wa Dunia.

Shimo la Bimmah nililipita harakaharaka. Wenyeji wanasema ni nyota iliyoanguka. Ni chokaa iliyoliwa na maji chini kwa chini hadi paa likaporomoka. Vijana wanarukia humo. Maji ni ya chumvichumvi.

Quriyat tulisimama kununua nguru. Kituo cha hali ya hewa cha hapa ndicho kilichorekodi, Juni 2018, siku nzima ambayo usiku na mchana joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Tangu Qalhat kila bonde kavu linapokatiza barabara kuna nguzo zenye alama za kina cha maji, nami nilikuwa nimeziona kama mzaha mpaka Ami aliponitajia kimbunga Gonu cha Juni 2007 kilichoua watu wapatao 50, na sheria inayokuweka ndani ukilivusha gari kwenye wadi iliyojaa.

Aliyekuwa akituuzia samaki alimsikia Ami akiniambia bei imezidi, akamjibu kwa Kiswahili kwamba haikuzidi. Wakaanza upya: mtaa gani Unguja, shule gani, mwaka gani mlikuja. Bei ikashuka riali moja, akaongeza na dagaa.

Njiani Ami alikuwa ameshapanga safari nyingine: nirudi Julai, twende Salalah kwa basi, kilomita kama elfu moja, saa kumi na mbili kwenye tambarare za changarawe, kwa sababu kusi likifika Dhofar halibebi mchanga, linaleta manyunyu, na milima inakuwa ya kijani hadi Septemba. Huko pia ndiko kwenye miti ya ubani. Nimemwambia nitafute nauli kwanza.